Maharage kabla ya mchele

Shikamoo Shangazi. Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Mbagala, nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu pale Rangi Tatu. Kazi si mbaya. Inalipa kodi ya chumba na ada ya mdogo wangu, lakini jioni nikifunga najiona kama siku imepita bila mimi.

Mwaka jana mama alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Tulikuwa tunampeleka hospitali kwenye mazoezi mara mbili kwa wiki, siku zilizobaki nikawa namfanyisha mwenyewe nyumbani. Fizio wa pale, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinielekeza nimpe kazi za mkono anazozijua, basi nikampa kuchambua. Nilianza na maharage kwa sababu punje zake ni kubwa, zinashikika. Alipoyazoea nikahamia kwenye choroko, halafu mchele. Akichoka nilikuwa namwacha, maana nikimlazimisha vidole vinajikunja vinakaza. Zilipita wiki saba mpaka akashika kikombe cha bati chenye chai nusu, akanywa bila kumwaga. Siku hiyo nililia, Shangazi. Majirani wawili wameshaniita nikawasaidie wagonjwa wao.

Sasa nataka kazi ya mambo ya afya na siha ila sijui nishike wapi. Binamu yangu ananitaka kwenye biashara ya virutubisho, kianzio shilingi 450,000. Rafiki yangu anasema nisome masaji miezi mitatu niombe kazi hotelini. Kidato cha nne nilipata C ya Biolojia na D ya Kemia, Fizikia nilifeli. Je, nimechelewa?

Dada wa Rangi Tatu

Marahaba mwanangu, na mpe mama pole yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Virutubisho umevipa mstari mmoja, masaji mstari mmoja, lakini habari za mkono wa mama umeniandikia punje kwa punje. Umekumbuka kwamba choroko ilikuja katikati. Umekumbuka vidole vikilazimishwa vinafanya nini. Barua za namna hii napokea nyingi, na wengi wananiambia wanapenda kusaidia watu. Ni wachache sana wanaoniambia walifanya nini Jumanne saa nne asubuhi. Ndiyo maana ya kwako nimeitanguliza.

Kazi hiyo ina jina, ni tiba ya viungo, na wewe umeshaonja kiini chake bila kujua. Kiharusi hakiharibu mkono. Kinaharibu sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuamrisha mkono, na kwa mama, upande wa kulia ukipooza, ubongo umeumia upande wa kushoto. Sehemu za ubongo zilizobaki nzima zinaweza kujifunza baadhi ya kazi zile upya, ila zinajifunza kama mtoto anavyojifunza kutembea, kwa kurudia jambo lenye maana kwake, mara nyingi mno, likiongezwa ugumu kidogo kidogo. Maharage, choroko, mchele. Mimi nilifundishwa hilo darasani Moshi, pale hospitali ya KCMC, nikalifanya miaka 26, na bado nisingeweza kulipanga vizuri kuliko ulivyolipanga wewe sebuleni kwako.

Hapo hapo nitakuwa mkali. Wagonjwa wa hao majirani wawili usiwaguse bado. Nilipokuwa na miezi michache tu kazini nilimwinua mzee mmoja kitandani kwa kumvuta mkono wake uliopooza. Nilikuwa na haraka, benchi la nje lilikuwa limejaa. Bega la mkono uliopooza mara nyingi misuli yake imelegea, haiwezi kulishikilia, mfupa unaning'inia tu, na mimi nikalivuta. Yule mzee aliishi na maumivu ya bega mwaka mzima, na kila alipokuja alinisalimia vizuri, jambo lililoniuma kuliko angenitukana. Nimekusimulia ili ujue kwamba mikono yenye huruma inaumiza vilevile kama haijafundishwa. Ukienda kwa jirani, wakumbushe kumgeuza mgonjwa asiyejiweza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, hakikisha anameza dawa zake za presha kama kaandikiwa, wahimize wampeleke kliniki. Zaidi ya hapo ngoja usome.

Virutubisho, hapana. Na wakikualika kwenye semina ya bure, sitaki uende ukasikilize kwanza. Shilingi 450,000 ni mtaji wa kibanda chako, na ukishazitoa utalazimika kuwatafuta wengine watoe ili zako zirudi, na watu wa karibu zaidi kuwatafuta ni hao hao wanaouguza. Nimepokea mgonjwa aliyeacha vidonge vya presha kwa sababu aliuziwa kopo la unga na kuambiwa linasafisha mishipa. Alirudi kwetu na kiharusi cha pili, safari hii hawezi kusema. Binamu yako huenda ni mtu mwema anayeamini anachouza. Bado hapana.

Masaji ni kazi halali, na anayeijua vizuri anakula kwa jasho lake. Lakini hotelini utapokea mtu mzima aliyechoka, umkande saa moja, aondoke, pengine usimwone tena. Wewe uliyenisimulia wiki saba utatamani kujua bega lake liliendeleaje.

Tuje kwenye Fizikia, maana hapo ndipo mlango ulipo. Stashahada ya tiba ya viungo inataka uwe umefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia kidato cha nne. Mbili unazo. Huna haja ya kurudi kuvaa sare; unajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, unasoma jioni, unakaa kwenye mtihani wa Novemba pamoja na wengine. Mbagala na Temeke vituo vya masomo ya jioni viko vingi, tafuta chenye mwalimu wa Fizikia anayefika kila siku, si chenye bango kubwa. Na usiichukie Fizikia. Wenzo, uzito, mhimili, msuguano: hayo yote utayakuta kwenye goti la mtu. Mimi niliielewa Fizikia siku nilipofundishwa jinsi ya kumwinua mtu wa kilo 90 bila kuumia mgongo.

Ukifaulu, stashahada ni miaka mitatu. Kabla ya kulipa hata fomu, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, na si chuo tu, hata kozi yenyewe unayoiomba, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na usajili wa kozi moja kikatangaza tano. Mwongozo wa udahili wa NACTVET unaorodhesha vyuo na kozi zake. Akikwambia mtu kwamba atakufanya fizio kwa miezi sita, ondoka. Kuhusu ada, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na afya ni mojawapo. Omba, lakini panga bajeti yako kama vile hutapata. Kibanda usikiuze. Tafuta mtu mwaminifu akae pale mchana, hata kama faida itapungua nusu, kwa sababu miaka mitatu ni mirefu na mdogo wako bado anasoma.

Sitakuficha hali ya ajira. Wahitimu wa afya ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa serikalini, na wengi wanaanza kwa kujitolea kwa posho ndogo huku wakisubiri. Zipo hospitali na kliniki binafsi, wapo wanaowafuata wagonjwa majumbani, na mji huu wenye presha na bodaboda unatupa kazi kila siku. Lakini kama unatafuta kipato cha haraka, kibanda chako kinakupa zaidi kuliko utakavyopata mwaka wa kwanza.

Kuhusu kuchelewa, miaka 27 hainipi wasiwasi hata kidogo. Kinachonipa wasiwasi ni kingine. Ulimhudumia mama yako. Uso wake unaujua, ukali wake unaujua, na kila punje aliyoishika ilikuwa inakurudishia mtu unayempenda. Kliniki si hivyo. Mgonjwa wa kwanza anakuja analaumu foleni. Wa pili hajafanya zoezi hata moja nyumbani, anasema kafanya. Wa nne ni kijana wa bodaboda aliyekatwa mguu, hataki kuongea, anatazama ukutani, na wewe unapaswa kuanza naye leo. Ukifika wa kumi na moja mgongo unauma, na yeye naye anastahili maharage yake kabla ya mchele.

Au fikiria mtoto aliyezaliwa na nyayo za kupinda. Anafungwa plasta, wiki ijayo inatolewa anafungwa nyingine, wiki kadhaa mfululizo. Kisha anavalishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu ya mwanzo, halafu usiku usiku mpaka afikishe miaka minne hivi. Mama yake amechoka, mtoto analia akivalishwa, na usiku mmoja anaamua kumwacha alale vizuri. Wakiacha, nyayo zinarudi. Kazi yako siku hiyo inakuwa kuzungumza na yule mama bila kumkaripia, zaidi ya kuangalia miguu ya mtoto.

Kwa hiyo jaribu kwanza. Muombe fizio wa mama yako, kwa idhini ya mkuu wake, akuruhusu ukae kwenye kona asubuhi mbili uangalie. Usichague siku ya mama. Kaa kuanzia saa mbili mpaka benchi liishe. Ukitaka kujaribu kwa upana zaidi, nenda ofisi ya serikali ya mtaa uulizie nafasi za wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafikisha 137,294 nchi nzima, na kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba. Utakutana na watu ambao si mama yako hodi baada ya hodi.

Na kuna kitu hukuniandikia. Umesema majirani wawili walikuita, ukaishia hapo. Ulikwenda? Uliwakuta wagonjwa wao wamelalaje, mkono gani ulikuwa hauna nguvu, walipenda kuchambua nini zamani walipokuwa wazima? Hebu kaa chini uniandikie hao wawili kama ulivyomwandika mama. Nitaisoma kabla ya nyingine zote, kisha tuzungumze habari za fomu.

Shangazi