Muulize Mzee wa Santuri: Bondia Aliyegeuka Wimbo

Toleo lililopita nilitaja kwa aya mbili tu mchezo wa nyimbo uitwao King Kong, uliozaliwa Johannesburg mwaka 1959. Nilidhani nimepita njia. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nilipoandika habari za gambusi, na ya kwanza kuifungua ilikuwa ya kunisuta. Nilitaka kuificha chini ya ukurasa. Mama watoto akasema, "Anza na hiyohiyo." Haya.

*Shikamoo mzee. Uliandika kwamba Miriam Makeba aliimba katika King Kong huko London. Marehemu baba alikuwa baharia, aliuona mchezo huo London mwaka 1961, na mpaka anaingia kaburini alikuwa akisema mwimbaji alikuwa mwingine kabisa. Nani mkweli, baba au wewe?*
Binti wa Baharia, Mombasa

Marahaba, binti yangu. Mkweli ni baba yako, Mungu amrehemu. Ninazo santuri mbili za mchezo huo, moja ya Johannesburg ya 1959 na nyingine ya London ya 1961, na nilipokuwa naandika nilichanganya maganda. Uzee huo.

Makeba alicheza Joyce, mwanamke mwenye kilabu cha pombe, Johannesburg. Kabla ya hapo alikuwa amejitokeza kidogo tu katika filamu ya siri, Come Back, Africa, iliyopigwa na Mmarekani Lionel Rogosin chini ya pua za serikali ya makaburu. Filamu ikaalikwa kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka uleule wa 1959, Makeba akaitwa kwenda kuitambulisha, akaondoka. Kutoka Venice akaingia London, akakutana na mwimbaji wa Marekani Harry Belafonte, na kabla mwaka haujaisha alikuwa akiimba kwenye televisheni ya Marekani. Mwaka 1960 mama yake akafariki, akataka kurudi kuzika, akaambiwa pasipoti yake haifai tena. Miaka thelathini hakukanyaga kwao.

Basi mchezo ulipofika London, kwenye ukumbi wa Princes, tarehe 23 Februari 1961, Joyce alikuwa Peggy Phango. Sauti yake ni nzito kuliko ya Makeba, na kwa masikio yangu mimi inamfaa zaidi mwanamke anayeuza pombe na kuwatuliza majambazi. Lakini Makeba akiimba "Back of the Moon" hata sindano yangu mbovu hujikaza.

*Mzee, wanangu wanasema King Kong ni lile sokwe linalopanda ghorofa. Hebu tueleze. Na hicho kisa cha kweli ni kipi?*
Baba Wawili, Tabora

Sokwe limechangia jina tu. Kisa ni cha mtu aitwaye Ezekiel Dlamini, kijana wa Kizulu kutoka upande wa Vryheid, Natal, aliyeingia Johannesburg kutafuta riziki kama maelfu ya wenzake. Alikuwa pande la mtu. Hakuwa fundi wa ngumi, ila alikuwa na nguvu, na alikuwa na mdomo. Akajipa jina King Kong, akawa bingwa wa uzito wa juu wa mabondia weusi, kwa sababu katika nchi ile hata mkanda wa ngumi uligawanywa kwa rangi: mweusi hakuruhusiwa kupigana na mzungu ulingoni. Kwa hiyo bingwa wetu alifika kileleni akakuta dari.

Kisha akadondoka. Alipigwa na bondia mwepesi kuliko yeye, Simon Mthimkulu, aliyejulikana kwa jina la "Greb", na walewale waliokuwa wakimshangilia wakamcheka. Akaishia kulinda milango ya kumbi za dansi. Mwaka 1956 akamuua mpenzi wake kwa kisu. Mahakamani aliomba mwenyewe ahukumiwe kifo. Jaji akakataa, akampa kifungo na kazi ngumu. Mwaka 1957 akafa maji kwenye bwawa la shamba la gereza la Leeuwkop, na wengi wanaamini alijitosa.

Haikupita miaka miwili, Dlamini akawa jukwaani. Siku ya kwanza ilikuwa tarehe 2 Februari 1959, ukumbi mkuu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Walichagua chuo kwa sababu ilikuwa moja ya sehemu chache mjini ambako mweusi na mweupe wangeweza kuutazama mchezo mmoja chini ya paa moja. Nelson Mandela alikuwapo usiku huo. Yeye na wenzake walikuwa bado kizimbani kwa kesi ya uhaini, na wimbo wa "Sad Times, Bad Times" una maneno ya Kixhosa yanayozungumza habari ya wanaume na kesi yao. Waliokuwa ukumbini hawakuhitaji mkalimani.

Fikirieni pia mazoezi. Wengi wa waigizaji walikuwa na kazi zao za mchana. Mazoezi yalianza wakishatoka kazini, na usiku mtu mweusi asiye na kibali alikamatwa barabarani. Wazee wetu wa Kenya wanalijua vizuri neno kipande. Huko nako kilikuwapo, ila kikali zaidi. Na humo ndimo walimotoka watu zaidi ya sitini wakiimba, wakicheza na kupiga muziki kama saa. Bondia alichezwa na Nathan Mdledle wa kundi la Manhattan Brothers, mwanamume mrefu mwenye sauti ya asali. Jambazi Lucky alikuwa Joe Mogotsi wa kundi hilohilo. Kijana Lemmy Mabaso alipuliza filimbi ya bati ile ya mitaani, ya kwela. Katika bendi walikuwamo Kippie Moeketsi na Mackay Davashe kwenye saksafoni, Jonas Gwangwa kwenye tromboni, na kijana wa miaka kumi na tisa, Hugh Masekela, kwenye tarumbeta. Bendi ya namna hiyo leo ungeilipia kwa nyumba.

Mchezo ukazunguka Cape Town, Durban na Port Elizabeth. Inasemekana watu kama 200,000 waliuona kabla haujapanda ndege.

Sasa niseme langu. Jukwaani Dlamini amelainishwa. Amekuwa jitu lenye moyo wa mtoto lililoponzwa na dunia, na tukimlilia tunamlilia yeye. Mwanamke aliyechomwa kisu amepewa jina jingine, ndiye huyo Joyce, akapewa nyimbo tamu na gauni zuri, kisha anakufa ili hadithi ya mwanamume ifike mwisho. Nimeusikiliza mchezo huu pengine mara mia, na sikuliona jambo hilo mpaka binti yangu aliponiuliza, "Baba, na wazazi wa huyo dada waliuona mchezo?" Nilizima mashine. Sikuwa na jibu.

*Babu yangu alisema Askofu Huddleston wa Masasi ndiye aliyempa tarumbeta mpigaji mkubwa wa Afrika Kusini. Sisi wajukuu tunadhani ni hadithi za ugoro. Ni kweli?*
Mjukuu, Masasi

Kamwombe babu radhi. Trevor Huddleston, kabla ya kuwa askofu wenu kuanzia 1960 hadi 1968, alikuwa padri Sophiatown, Johannesburg, na mlezi wa shule ya Mtakatifu Petro. Hugh Masekela alikuwa mwanafunzi mtundu. Padri akamuuliza anataka nini ili atulie; kijana akasema tarumbeta. Akanunuliwa. Wenzake wakataka na wao, ikazaliwa Huddleston Jazz Band, na Gwangwa alikuwamo. Huddleston alipoondolewa nchini akapitia Marekani, akakutana na Louis Armstrong, mfalme wa tarumbeta wa huko, naye akawatumia vijana tarumbeta yake mwenyewe mwaka 1956. Miaka mitatu baadaye Masekela yuko kwenye bendi ya King Kong. Na mtunzi wa muziki wa mchezo huo, Todd Matshikiza, alikuwa ameshamtungia Huddleston wimbo mkubwa wa kwaya, Makhaliphile, mwaka 1953. Kwa hiyo askofu mliyemwona akipita na vumbi la Masasi alikuwa na wimbo wake Johannesburg. Sijui kama aliwaambia.

Mna undugu mwingine na mchezo huu, nyie wa Tanzania, ambao watu hawausemi. Aliyebuni jukwaa na mavazi ni mchoraji Arthur Goldreich, Myahudi wa Johannesburg. Miaka michache baadaye alikuwa anaishi shamba la Liliesleaf, Rivonia, maficho ya wapigania uhuru, akijifanya tajiri mzungu wa kawaida, na Mandela akijifanya mtumishi wa shamba. Polisi walivamia Julai 1963. Agosti, Goldreich na wenzake watatu wakamhonga askari kijana, wakatoka kituoni usiku. Yeye na mwenzake Harold Wolpe wakavuka hadi Swaziland, kisha wakaenda Bechuanaland, Botswana ya leo, wamevaa kama mapadri. Ndege iliyotumwa kuwachukua ikalipuliwa ikiwa uwanjani Francistown. Ikatafutwa nyingine, na mwisho wakatua Dar es Salaam. Mchora pazia huyo alikanyaga udongo wetu akiwa mtoro anayetafutwa kuliko wote kusini mwa Afrika.

*Mzee, mimi napiga gitaa, na kila nikitunga mtu mwingine ndiye anayekula. Huyo Matshikiza alinufaika? Maana nasikia waandaaji walikuwa wazungu.*
Nyuzi Sita, Kinondoni

Umegusa jipu. Ni kweli: hadithi iliandikwa na wakili Harry Bloom, mashairi na Pat Williams, mwongozaji Leon Gluckman, na mkuu wa muziki alikuwa Stanley Glasser. Weusi walikuwa jukwaani na kwenye bendi. Wazungu mezani na kwenye mikataba. Si kwamba wote walikuwa wabaya. Wengine walijiponza kwelikweli, Goldreich mmojawapo. Lakini nchi yenyewe ilikuwa imepindika, na kilichojengwa humo hakikuweza kusimama wima.

Matshikiza alikuwa mpiga piano na mwandishi wa jarida la Drum. Walisema anapiga taipu kama anapiga piano. Muziki wa mchezo ule ni wa kwake, marabi ya vilabu vya pombe na kwaya za misheni na jazi ya Sophiatown zimeshikana humo. Ukapitia mikono mingine kupangiwa ala, akina Glasser, Davashe, Moeketsi na Sol Klaaste, na kwa safari ya London ukachongwa tena ili Waingereza waumeze bila kukwama. Katika kitabu chake, Chocolates for My Wife, cha 1961, anasimulia jinamizi la usiku: amezungukwa na watu weupe wanaochukua muziki wake na kuukatakata. Mtu mwenye furaha na kazi yake haoti hivyo. Alihamia London na familia yake mwaka 1960, kisha akaenda Zambia kufanya kazi ya redio, akafia Lusaka mwaka 1968, hata miaka hamsini hakutimiza. Santuri yangu ya 1959 niliinunua kwa mtu aliyeshuka na treni ya TAZARA akitoka hukohuko Zambia. Aliniuzia kwa bei ya kilo mbili za sukari.

Wewe, Nyuzi Sita, kasajili nyimbo zako COSOTA, kwa watu wa hakimiliki, kesho asubuhi. Usiningojee mimi nikuandike baada ya miaka sitini.

*Tunaomba kujua kama mchezo huu umewahi kurudishwa jukwaani, na kama sisi wanafunzi wa sanaa tunaweza kuucheza kwa Kiswahili.*
Kikundi cha wanafunzi, Bagamoyo

Umerudishwa mara mbili kubwa. Mwaka 1979 walijaribu Johannesburg na mwongozaji kutoka Marekani, hadithi ikaandikwa upya, ikaanguka haraka. Shida ilieleweka: nusu ya sauti za awali zilikuwa uhamishoni. Wale wa London hawakurudi wote. Manhattan Brothers walibaki Uingereza, Peggy Phango naye akabaki, Gwangwa akaenda New York kusoma muziki na kumkuta Masekela, ambaye yeye aliondoka 1960, baada ya polisi kuwaua waandamanaji weusi Sharpeville, bila kungoja safari ya London. Moeketsi alirudi nyumbani akiwa amevunjika, baada ya kulazwa hospitali ya London. Mchezo uliwafungulia mlango, na kwa wengi ulifunguka upande mmoja tu.

Mara ya pili ni 2017, ukumbi wa Fugard, Cape Town, kisha Johannesburg. Andile Gumbi alikuwa bondia na Nondumiso Tembe alikuwa Joyce. Gumbi alifariki 2019 akiwa bado kijana, na ukumbi wa Fugard wenyewe ukafungwa 2021.

Kuucheza kwa Kiswahili? Kwanza ombeni ruhusa ya wenye haki, msifanye kama yale anayofanyiwa Nyuzi Sita. Mkiipata, ushauri wangu ni mmoja. Msihangaike sana kutafuta kijana mwenye misuli. Mdledle hakuwa bondia, alikuwa mwimbaji mrefu mwenye tambo. Tafuteni Joyce. Mpeni onesho moja zaidi, akiwa peke yake kilabuni, asubuhi, anaosha vikombe, kabla mwanamume yeyote hajaingia. Halimo katika mchezo wa 1959.

Siku ya mazoezi ya kwanza niiteni. Santuri nitakuja nayo. Sindano mlete wenyewe, yangu imebakiza nyimbo tatu hivi.