Ulizeni swali la pili

Ndugu Mhariri, wiki hii mmewauliza wastaafu wa serikali: ni jambo gani la utumishi wenu mngependa vijana wanaoajiriwa leo walirithi? Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimestaafu katika ofisi ya hifadhi ya jamii ya serikali ya shirikisho ya Marekani, huku Maryland. Kazi yangu ilikuwa kupokea maombi ya mafao na kuyashughulikia. Ningependa vijana warithi desturi ya kuuliza swali la pili.

Mfiwa akifika dirishani, mara nyingi anafuata dola 255. Hilo ni fungu dogo ambalo mjane hulipwa mara moja tu, na ndilo watu wanalolisikia kwa majirani. Anaeleza shida yake, anatoa cheti cha kifo, yuko tayari kuondoka. Hapo ndipo unapomuuliza: marehemu ameacha watoto? Wana umri gani? Wengi hawajui kwamba mtoto aliye chini ya miaka 18 anaweza kulipwa kila mwezi kutokana na michango ya mzazi wake aliyefariki, na kwamba mama anayemlea mtoto ambaye hajatimiza miaka 16 naye anaweza kupata chake. Wengine hudhani lazima marehemu awe amefanya kazi miaka 10. La hasha. Aliyefariki akiwa kijana anaweza kuwa amechangia mwaka mmoja na nusu tu ndani ya miaka mitatu ya mwisho, na watoto wake wakawa na haki. Nimewaona akina mama wakinyamaza kwanza, kisha wakaniuliza tena kama nina hakika.

Hakuna aliyeulizwa ni wa chama gani, na hali hiyo haikuja bure. Mwaka 1881 Rais Garfield alipigwa risasi na Charles Guiteau, mtu aliyekuwa akidai cheo kwa sababu aliunga mkono kampeni. Sheria ya Pendleton ya 1883 ikaanza kuweka mitihani ya kuajiriwa serikalini mahali pa fadhila za kisiasa. Kiapo tulichokula kazini kilitaja Katiba. Jina la rais halimo. Nimetumikia chini ya marais wa vyama vyote viwili, na haki ya yatima ilikuwa ile ile.

Februari 2025 shirika letu lilitangaza mpango wa kupunguza wafanyakazi kutoka kama 57,000 hadi 50,000. Liliniuma sana, na bado linaniuma. Foleni ikirefuka, kinachokatwa kwanza ni lile swali la pili, maana mteja hakulileta yeye, na hakuna atakayelalamika kwamba hakuulizwa. Atachukua dola zake 255, atashukuru, atakwenda zake.

Kwa hiyo nikienda kuhani msiba kwa wenzetu huku, Watanzania, Wakenya au Wakongo, huwa namtafuta mtu mmoja wa familia pembeni. Namwambia wapige simu mapema, waombe mkalimani wa Kiswahili ambaye ofisi inamtoa bure, na wawataje watoto wote. Ombi lisingoje arubaini, kwa kuwa malipo ya watoto kwa kawaida hayarudishwi nyuma zaidi ya miezi sita.