Nilipata 4 kwa 20 kwa Sababu ya Mabano

Jumanne jioni nilikuwa kwenye matatu ya Githurai, tumekwama Pangani kama kawaida, simu ikalia. Msomaji mmoja, msichana wa mwaka wa kwanza, amenitumia picha ya daftari. "Kaka, hapa nimekosea wapi? Mwalimu amepiga mstari mwekundu tu." Swali lilimtaka achore kiunzi, yaani mchoro wa mistari mitupu usioandika herufi za kaboni, cha CH₃CH(CH₃)CH₂CHO. Yeye alikuwa amechora mnyororo mmoja mrefu wa kaboni tano, kisha akabandika OH mwishoni. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Kosa hilo nalifahamu vizuri, lilianza kuwa langu kabla ya kuwa lake.

Nilitoka shule ya upili na A ya Kemia, na sitajifanya mnyenyekevu kuhusu hilo. Kidato cha tatu tulisoma alkeni na alkaini, cha nne tukasoma alkanoli, na kila haidrojeni tuliichorea kijistari chake mpaka molekuli ikafanana na jongoo. Chuoni, wiki ya pili, mhadhiri akachora ubaoni mstari wa kupindapinda usio na herufi hata moja, akasema hiyo ni heksani, molekuli ya kaboni sita, akaendelea na mambo yake. Sikuuliza. Mtu wa A aulize nini?

Mtihani mdogo ulipokuja, mabano ya fomula yakanichanganya, nikapata 4 kwa 20. Mhadhiri akainua karatasi yangu mbele ya darasa la watu zaidi ya mia. Jina alilifunika kwa kidole gumba, lakini mwandiko wangu unaolalia kushoto ulikuwa unajulikana. "Huyu amegundua kaboni yenye mikono mitano," akasema. Mkono ni bondi, na kaboni ina minne tu. Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao ili nisionekane. Imepita miaka tisa na shingo bado hupata joto nikikumbuka kile kidole gumba.

Aliyenifungua macho hakuwahi kusoma kemia. Mjomba wangu ni seremala Gikomba, na wikendi hiyo nilikuwa nimejikalia juu ya mbao zake nikinuna, macho kwenye msumeno. Meno yake: juu, chini, juu, chini. Nikachukua penseli yake ya sikioni nikachora meno kwenye kipande cha mbao. Kila kona ni kaboni, na ncha mbili za mwisho nazo ni kaboni. Kumbe! Mimi nilikuwa nahesabu kona peke yake, ndiyo maana heksani yangu ilikuwa na kaboni nane: kona sita na ncha mbili. Heksani ni kona nne na ncha mbili, basi. Haidrojeni zilizoshika kaboni hazichorwi, msomaji anazijua kwa sababu kaboni lazima ijaze mikono minne.

Mikono hiyo minne ndiyo ushauri wangu wote. CH₃ imeshatumia mitatu, imebakiwa na mmoja, kwa hiyo haiwezi kukaa katikati ya mnyororo hata uibembeleze. CH₂ ina miwili, ni njia ya kupita. CH ina mitatu, ni njia panda. Sasa rudi kwenye swali la yule dada. CH₃ iliyo ndani ya mabano ina mkono mmoja tu, imeushika kwa CH iliyoitangulia, basi hilo ni tawi. Lakini ukiona (CH₃)₂CH mwanzoni, hakuna kilichotangulia, kwa hiyo hizo mbili zinashika kaboni inayofuata. Na (CH₂)₄ si tawi kamwe. Ni njia ile ile imerudiwa mara nne ili mwandishi asichoke.

Ile CHO ya mwisho ndiyo iliyonimaliza. Ukiisoma haraka unaona C, kisha O, kisha H, ukakimbilia kuandika OH. Hesabu mikono! Kaboni imeshika haidrojeni moja na mnyororo, imebaki na miwili, na yote miwili inaenda kwa oksijeni. Hiyo ni bondi mbili, ni aldehaidi. Ukiandika OH pale umeiacha kaboni na mikono miwili hewani. COOH, lile kundi la asidi, nayo ni hivyo hivyo: oksijeni moja kwa bondi mbili, ya pili ndiyo inayobeba H, na H hiyo lazima uiandike kwa kuwa haijashika kaboni.

Halafu ninyi watoto wa siku hizi mnaiandikia programu ya simu fomula, inawachorea, mnanakili. Ndani ya chumba cha mtihani simu inabaki kwenye begi mlangoni. Nunua daftari la kurasa 96, uchore molekuli ishirini kila usiku, hesabu mikono ya kila kaboni kwa kidole. Stima ikipotea, washa mshumaa. Na uliza, tafadhali! Mimi sikuuliza kwa ajili ya A yangu, na ile A haikunisaidia kitu.

Jana usiku yule dada ametuma picha nyingine. Kaboni nne mfululizo, tawi liko mahali pake, oksijeni ina mistari miwili. Ile H ya aldehaidi ameiandika, ambayo wengine huiacha, na mimi naipenda ikiwepo. Ila kwenye ncha ya tawi bado ameandika CH₃ kwa herufi kubwa nyeusi. Nimemwambia aifute. Amejibu kwamba akiifuta anaona kama imepotea.