Ombeni karatasi ya kanuni za vipimo vya dawa kabla kijana hajasaini

Simu iliingia saa tano usiku. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka zamuni, viatu vya kazi bado viko miguuni, nimekaa jikoni bila hata kuwasha jiko. Alikuwa kijana wangu wa pili, miaka 19, mwaka wake wa pili chuoni hapa Marekani, anacheza safu ya ulinzi kwenye timu ya futiboli, ule mpira wa Kimarekani. "Shikamoo mama." Marahaba mwanangu. Kisha kimya. Mzazi anaujua ukimya wa mtoto wake. Akasema, "Jumamosi hii sichezi, mama. Wala Jumamosi mbili zinazofuata."

Alikuwa amekutwa na bangi kwenye mkojo, na haikuwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza ilikuwa miezi saba nyuma, na hakuna aliyenipigia simu. Baadaye nilielezwa kwamba sheria ya nchi hii, ile inayolinda kumbukumbu za wanafunzi, inasema mtoto akishaingia chuo kikuu kumbukumbu ni zake, si za wazazi. Chuo hakikuwa na wajibu wa kuniambia. Mimi niliyekuwa namjua kila kocha wake kwa jina, niliyekuwa najua goti lipi linamsumbua na alilala saa ngapi usiku wa kuamkia mechi, nilipitwa na jambo kubwa kuliko yote hayo.

Naandika haya kwa wazazi wenzangu. Watoto wetu ni warefu, wana mbio, na makocha wa shule za sekondari huku wanawaona mapema. Ofa zinakuja, familia nzima inafurahi, tunapiga picha, tunasaini. Karibu wote tunasaini bila kusoma karatasi moja muhimu kuliko ile ya skolashipu, nayo ni kanuni za chuo chenyewe kuhusu vipimo vya dawa na adhabu zake.

Kuna sheria mbili, na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Hao walianza kupima mwaka 1986, na msimu huohuo Brian Bosworth, nyota wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, akazuiwa kucheza Orange Bowl, mechi kubwa ya mwisho wa msimu, kwa sababu ya steroidi, yaani dawa za kujenga misuli. Kuanzia 1990 wachezaji wa futiboli wakawa wanapimwa steroidi mwaka mzima. Upande wa dawa za kuongeza nguvu, NCAA haina mzaha. Ukikutwa mara ya kwanza unakaa nje siku 365 na unapoteza msimu mmoja katika ile michache uliyopewa. Ukikutwa tena, basi, mpira wa chuo umekwisha. Na adhabu hiyo inakufuata hata ukihama chuo.

Upande wa bangi, NCAA imekuwa ikilegeza. Mwaka 2014 walipunguza adhabu kutoka msimu mzima hadi nusu msimu. Mwaka 2022 wakapandisha kiwango cha kukutwa na hatia kutoka nanogramu 35 hadi 150 kwa mililita. Juni 2024 wakaiondoa kabisa bangi kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa kwa vyuo vya daraja la kwanza. Tangu siku hiyo nimesikia kwa masikio yangu, msibani na harusini, wazazi wakiambiana kwamba sasa bangi imeruhusiwa kwenye mpira wa vyuo. Haijaruhusiwa. Kilichobadilika ni vipimo vya NCAA yenyewe, vile vya mashindano ya ubingwa na mechi za mwisho wa msimu. Chuo cha mwanao kina mkono wake, na kinaweza kuendelea kupima bangi na kuadhibu.

Hiyo ndiyo sheria ya pili, na ndiyo iliyomkamata mwanangu. NCAA hailazimishi vyuo viwe na vipimo vyao, lakini vingi vinavyo, na kila kimoja kinajiandikia. Pengine kosa la kwanza ni kupelekwa kwa mshauri tu, na pengine kosa hilohilo linakukosesha mechi. Kuna chuo kinachokufukuza ukikosea mara ya tatu, na kuna kinachokuvumilia hadi ya nne. Vijana wawili wanaweza kuvuta bangi kutoka mfuko mmoja wakati wa likizo, mmoja akarudi chuoni kwake akacheza, mwingine akarudi kwake akafungasha virago.

Wanaofuatilia mchezo huu watamkumbuka Tyrann Mathieu wa LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Mwaka 2011 alifika fainali ya Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, jambo ambalo beki hulipata kwa nadra sana. Agosti 2012, kabla msimu haujaanza, akaondolewa kwenye timu kwa kuvunja kanuni. Kipaji chake hakikumwokoa. Kweli alisimama tena, akachaguliwa na timu ya kulipwa ya Arizona Cardinals mwaka 2013, na Februari 2020 akashinda Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, na timu ya Kansas City. Lakini tafadhali, usimtumie Mathieu kujifariji. Yeye alikuwa kati ya wachezaji bora wa nchi nzima. Mwanao na mwanangu wakitolewa, hakuna anayewangojea mlangoni.

Basi iombeni karatasi. Iombeni kocha akiwa bado anawabembeleza, maana wakati huo simu zenu zinapokelewa. Mkiipata, kaeni na kijana muisome mstari kwa mstari. Mimi nilianza kuisoma ya kwetu usiku uleule, kwenye simu, macho yanawaka. Angalieni makosa yanahesabiwaje, na kama kosa la zamani linafutwa baada ya muda au linabaki hadi ahitimu. Angalieni nani anaambiwa, na kama kijana anaweza kutia saini ili mzazi naye ajulishwe. Vyuo vingi vina fomu hiyo, ila hakuna atakayewaletea msipoiuliza. Angalieni kama kocha anaruhusiwa kuongeza adhabu yake juu ya ile iliyoandikwa. Kuhusu skolashipu, wakitaka kuipunguza au kuifuta lazima wamwandikie kijana na wampe nafasi ya kusikilizwa na watu walio nje ya idara ya michezo. Hiyo ni haki yake, wala asione haya kuidai.

Lakini kipengele kilichoniliza kilikuwa ukurasa wa saba. Kilisema kwamba mchezaji mwenye tatizo la dawa akijitokeza mwenyewe, kabla hajaitwa kupimwa, anapata matibabu na ushauri bila kuhesabiwa kosa. Mara moja tu. Vyuo vingi vina mlango kama huo. Mwanangu alianza kuvuta baada ya kuumia goti, akikosa usingizi kwa maumivu, peke yake chumbani, wenzake wako safarini na timu. Mlango ulikuwepo, umeandikwa kwa maneno mepesi kabisa, na yeye alikuwa ametia sahihi kwamba ameusoma. Nilipomuuliza akasema, "Mama, walitupa karatasi nyingi siku moja, tukawa tunasaini tu." Alipokutwa mara ya kwanza, mlango ukafungwa.

Sasa virutubisho. Hapa naomba mnisikilize hata ninyi ambao watoto wenu hawajawahi kugusa moshi. Oktoba 2015, Will Grier alikuwa anaiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Florida, haijafungwa hata mechi moja. Akakutwa na dawa iliyokatazwa. Maelezo yake mwenyewe ni kwamba alinunua kirutubisho dukani bila kuwauliza madaktari wa timu. Akafungiwa mwaka mzima, akahamia Chuo Kikuu cha West Virginia, na hakucheza tena mpaka 2017. Desemba 2018, wachezaji watatu wa Chuo Kikuu cha Clemson, mmoja wao Dexter Lawrence, walikutwa na ostarine, dawa ya kujenga misuli iliyokatazwa, chembe ndogo mno, na kocha wao akasema hadharani kwamba hawajui imetoka wapi. Ikapimwa chupa ya pili ya mkojo wao, jibu lilelile. Lawrence akakosa mechi za ubingwa. Mwenzake Braden Galloway akakosa msimu mzima wa kawaida uliofuata. Kanuni haiulizi kama ulikusudia. Kilichoingia mwilini mwako ni chako.

Huku Marekani kopo la unga wa kujenga misuli halipimwi na serikali kabla ya kuingia sokoni. Kinachoandikwa kwenye lebo na kilichomo ndani vinaweza kutofautiana. Shemeji yangu, kwa mapenzi mema kabisa, alimletea kijana kopo kubwa jeusi siku ya kuzaliwa kwake, lina picha ya simba. Lilikaa juu ya friji yetu siku tatu. Kijana akapiga picha lebo ya nyuma, akamtumia mtaalamu wa lishe wa timu. Jibu lilirudi baada ya dakika kumi: asilifungue. Lilikuwa na kichangamshi ambacho jina lake kwenye lebo lilikuwa la mmea, ukalidhani majani ya chai. Nikalimwaga kwenye sinki mbele ya shemeji, na nikamweleza kwa nini, kwa heshima, ili ndugu wengine nao wasikie. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna anayempa mwanamichezo kopo, kidonge wala dawa ya kienyeji kabla picha ya lebo haijaenda na jibu halijarudi.

Na kwa kuwa tunaongea sisi kwa sisi, niseme na la mirungi. Kwenye harusi zetu huwa kuna meza pembeni, wajomba wanatafuna. Ndani ya mirungi mna kathinoni, kichangamshi ambacho sheria ya shirikisho inakiweka kundi moja na dawa nzito, na vichangamshi ni katika vitu NCAA inavyopima. Kijana asiwekwe kwenye meza ile, hata kwa utani. Kama anatumia Adderall au dawa nyingine aliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya umakini darasani, vyeti vya uchunguzi viwe kwenye faili la chuo kabla ya kipimo. Hata kafeini ina kikomo chake, kwa hiyo vidonge vya kukesha asiviguse.

Siku ya kipimo yenyewe ni fupi, ila inatisha kijana asiyeizoea. Anaitwa, anaonyesha kitambulisho, anakojoa kwenye kikombe huku mtu wa jinsia yake akimtazama. Mkojo unagawanywa chupa mbili, A na B, zinafungwa mbele yake. Ukiwa umechujuka kwa maji mengi, haukubaliki, na anabaki pale mpaka atoe unaofaa. Mwambieni asinywe madumu ya maji akidhani anajisaidia. Mwambieni pia kwamba kutotokea, au kukataa, kunahesabiwa sawa na kukutwa. Na ajue kwamba ana haki ya chupa B kufunguliwa na ana haki ya rufaa.

Wale ambao watoto wetu hawajapata uraia, tuna jambo la ziada. Bangi bado ni kosa kwa sheria ya shirikisho hata pale jimbo linapoiruhusu, na idara ya uhamiaji ilisema wazi mwaka 2019 kwamba inaweza kuharibu maombi ya uraia. Mwanangu ana gren kadi tu. Tulimwona wakili wa uhamiaji kabla kijana hajaandika maelezo yoyote popote, na nawasihi mfanye hivyo.

Wiki ile baba yake alitaka tumrudishe nyumbani moja kwa moja. Tuliendesha gari kwa muda wa saa nne, tukamkuta amefua, ameosha vyombo, ametandika kitanda kama mtoto anayengoja mgeni. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mara ya kwanza. Akaangalia sakafu. "Nilijua utasema nimewaaibisha." Na ni kweli, ningesema. Nyumbani kwetu bangi ilikuwa na neno moja tu, uhuni, na neno hilo lilifunga mazungumzo yote kabla hayajaanza. Baba yake akakaa kitandani, akatoa karatasi tuliyoichapisha, akamwambia, "Soma kwa sauti. Mimi nitakuuliza." Walisoma mpaka saa saba za usiku. Kila walipofika pasipoeleweka, kijana alipiga mstari kwa penseli, na kesho yake akaenda ofisini kuuliza.

Alipimwa kila wiki hadi mwisho wa msimu. Alikwenda kwa mshauri kila Jumanne, na huko ndiko goti na usingizi vilipoongelewa kwa mara ya kwanza, akabadilishiwa tiba. Alicheza miaka miwili iliyobaki na akahitimu.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya mdogo wake. Kocha alikuja mpaka nyumbani, mtu mkarimu, akala pilau, akasifia kachumbari. Nikiwa bado najipanga jinsi ya kuanza, kijana mwenyewe akaweka kijiko chini akauliza, "Kocha, kanuni zenu za vipimo zina mlango wa mtu kujitokeza mwenyewe? Naomba nizione kabla ya Ijumaa." Kocha akasema atazituma. Alhamisi zikafika, kurasa 14, na kaka mtu akaja na penseli yake.