Maswali Yenu: Seli za Shavu, Mguu wa Kuku na Hesabu ya Mifupa 206

Tumeandaa slaidi ya seli za shavu kwa methilini bluu (rangi ya kuzitia seli ili zionekane), lakini kwenye hadubini tunaona miduara yenye ukingo mweusi tii. Mwalimu anasema hizo si seli. Ni nini basi? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro)

Mwalimu yuko sahihi, hayo ni mapovu ya hewa. Povu ni duara kamili, ukingo wake mnene na mweusi, katikati hamna kitu. Seli ya shavu haina umbo la kueleweka: kingo zimejikunja, sehemu kubwa ni samawati hafifu, na ndani yake kuna doa moja la bluu iliyokolea, ambalo ndilo kiini. Kama bado una shaka, gusa kioo cha kufunikia kwa ncha ya penseli. Povu litahama au litabadilika umbo.

Hewa huingia pale kioo hicho kinapodondoshwa kikiwa bapa. Rudieni hivi. Sukutua mdomo kwa maji, kisha sugua upande wa ndani wa shavu kwa kijiti kisafi cha pamba mara tano au sita. Pakaza katikati ya slaidi, tabaka jembamba tu, maana ukilundika utaona bonge la bluu lisilo na seli hata moja ya kuchora. Acha likauke kwa hewa dakika moja au mbili. Dondosha tone moja la methilini bluu ya asilimia 1, subiri dakika moja. Sasa simamisha kioo cha kufunikia kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, ukingo mmoja uguse rangi kwanza, mwingine uuteremshe taratibu kwa sindano. Rangi iliyozidi inyonye ukingoni kwa karatasi ya shashi.

Anza na lenzi ya kukuza mara 4, nenda 10, ndipo 40. Ukishafika 40 usiguse tena gurudumu kubwa la kulengea, tumia dogo peke yake. Slaidi nyingi za shule huvunjikia hapo. Punguza na mwanga pia, kwa sababu seli hizi ni angavu na mwanga mkali huzifanya zipotee machoni. Methilini bluu ikikosekana, ayodini inafaa, ila kila kitu kitakuwa na rangi ya manjano au kahawia. Kila mmoja atumie kijiti chake, na slaidi zikimaliza kazi zitumbukizwe kwenye maji ya klorini.

Kwenye mchoro, usiweke mistari miwili kuzunguka seli. Huo ni ukuta wa seli, na seli ya mnyama ina utando tu.

Shule yetu haina maabara. Nifundisheje tishu? (Mwalimu, Kilifi)

Tishu ni kundi la seli zinazofanya kazi moja, na zote utazipata kwenye kuku. Nunua mguu mzima wa kuku wa kisasa, paja pamoja na unyayo wake. Tunasisitiza wa kisasa kwa sababu huchinjwa akiwa na wiki chache tu, na ncha za mifupa yake bado ni gegedu laini unaloweza kulikata kwa kisu. Kuku wa kienyeji mzee atakusumbua.

Chuna ngozi kwanza. Tabaka lake la nje kabisa ni tishu ya epithelia, yaani tishu inayofunika. Mafuta ya manjano yaliyo chini yake ni tishu unganishi. Nyama yenyewe ni tishu ya misuli: ichambue kwa vidole uone inavyoachana kwa nyuzi. Nyuma ya paja, katikati ya misuli, kuna uzi mweupe unaopita sambamba na mishipa ya damu. Huo ni neva. Wanafunzi huuchanganya na kano, lakini kano hung'aa, ni ngumu, na mwisho wake umeshika mfupa. Kata mguu juu ya unyayo, tafuta kano nyeupe hapo, uzivute moja moja: vidole vitajikunja. Darasa zima litataka kujaribu, kwa hiyo nunua miguu ya kutosha, na wote wanawe kwa sabuni.

Mfupa uliobaki usitupe. Usafishe nyama yote, utie kwenye chupa ya siki nyeupe, badilisha siki kila baada ya siku mbili. Ndani ya wiki moja hivi utapindika bila kuvunjika, kwani asidi imeondoa madini ya kalisi na kuacha kolajeni, protini inayopindika. Usikaze kifuniko, gesi hutoka humo. Jaribio hili likikwama, mara nyingi siki haikubadilishwa au nyama iliachwa kwenye mfupa. Mfupa mwingine uunguze motoni hadi uwe mweupe: kolajeni imekwisha, madini yamebaki, na utasagika ukiubonyeza.

Nikihesabu mifupa napata 199, si 206. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi wa uuguzi, Dodoma)

Umesahau vifupa vya masikio, vitatu kila upande, na hayoidi, mfupa ulio shingoni chini ya taya. Hesabu kwa mafungu. Fuvu 22, masikio 6, hayoidi 1, uti wa mgongo 26, kifua 25: jumla 80. Kila mkono una 32, ukianzia mtulinga na mfupa wa bega, na 27 kati ya hiyo iko kiganjani na vidoleni. Kila mguu una 31 pamoja na mfupa wa nyonga.

Kwenye mtihani wa vitendo hatari kubwa ni kulia na kushoto. Ukipewa femuri (mfupa wa paja), weka kichwa chake cha mviringo juu, na ule mstari wenye mikwaruzo uwe nyuma, upande wako. Kichwa kikielekea kushoto kwako, ni femuri ya mguu wa kulia. Anayesahau kuangalia ule mstari hukosea hata kama majina yote anayajua.

Ni kweli mtoto mchanga ana mifupa karibu 300? (Msomaji, Mwanza)

Ndiyo, kati ya 270 na 300, kutegemea unavyohesabu sehemu ambazo bado ni gegedu. Mingi huungana baadaye. Mfupa wa nyonga huanza ukiwa vipande vitatu, na pingili tano za chini ya kiuno huwa mfupa mmoja, kazi inayoweza kuendelea hadi miaka ya ishirini na kitu. Utosi laini wa mbele ndio unaoonekana kwa macho, na kwa kawaida huwa umefunga mtoto anapofika miaka miwili.