Mashine mpya ya pinboli nyumbani: gololi kupotea haraka si kasoro

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Kwanza, kwa nini gololi zilikuwa zinapotea upesi namna ile kwenye mashine mpya ya pinboli (ule mchezo wa kurusha gololi ya chuma kwenye ubao ulioinama, ikitumbukia chini umeipoteza) uliyoijaribu kwa rafiki yako. Pili, mtu anayecheza jioni kwa kujifurahisha ana kazi gani na kanuni nyingi kiasi kile. Tatu, kama kuna haja ya kuongeza hela uchukue toleo la juu. Mimi ninayo mashine mpya nyumbani, mashindano siyajui, na alama zangu hazimtishi mtu humu, kwa hiyo nakujibu kama mchezaji wa kawaida mwenzako. Jina la mashine naliacha makusudi. Likitajwa tu, uzi unageuka vita ya mashabiki wa makampuni na swali lako linazikwa.

Hilo la gololi kupotea upesi si kasoro. Kwa mashine itakayokaa nyumbani, mimi hiyo ndiyo sifa ya kwanza ninayoitafuta.

Kwenye ukumbi wa michezo ukitumbukiza sarafu unataka ikufikishe mbali, na mwenye mashine anataka umalize haraka aje mwingine. Nyumbani mvutano huo haupo, kitufe cha kuanzia ni bure. Sasa mashine laini, inayokuacha ucheze nusu saa nzima kwa gololi moja, inakuchosha. Mabega yanauma, macho yamechoka, na ukimaliza huna hamu ya kurudia. Ile inayokutoa upesi huku ukijua kabisa kilichokuponza inakufanya ubonyeze tena kabla hasira haijapoa. Jamaa ninaowafahamu walioziuza mashine zao mapema, hakuna aliyeuza kwa sababu ilikuwa ngumu. Waliuza kwa sababu walishafika mwisho wake na haikuwa na jipya.

Ila kuna kutolewa kihalali na kuna kuonewa, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Mashine za zamani kabisa hazikuwa na flipa, vile vikono viwili vya chini unavyovirusha kwa vitufe kuirudisha gololi juu. Ulikuwa unavuta springi, gololi inapanda, inashuka ikigonga misumari, wewe umebaki kutazama. Ndiyo maana wenye mamlaka waliihesabu pinboli kuwa kamari, na New York iliipiga marufuku kuanzia 1942 hadi 1976. Flipa zilikuja 1947 na mashine ya kampuni ya Gottlieb iitwayo Humpty Dumpty, na tangu hapo lawama zikaanza kumwangukia mchezaji. Ukikosa shuti, gololi ikagonga nguzo na kurudi moja kwa moja katikati ya flipa, hiyo ni halali, umeyataka mwenyewe. Lakini ikiwa gololi inatoka kwenye bampa (vile vya duara vinavyoipiga na kuirusha) na kuingia mfereji wa nje, ile njia ya pembeni inayoipoteza, upande uleule kila mara, hata hujaigusa, usiilaumu mashine kabla hujaangalia ilivyosimikwa. Nina wasiwasi ya rafiki yako iko hivyo.

Mwambie achukue pima maji. Aweke kwenye uwanja wenyewe, yaani ubao gololi inapotembea, kioo kikiwa kimetolewa, si juu ya sanduku wala juu ya kioo, maana uwanja unaweza kukaa tofauti na sanduku lake. Kulia na kushoto lazima pawe sawa kabisa. Mbele na nyuma, mwinamo unaotajwa kwa mashine nyingi za kisasa ni nyuzi 6.5, na unaurekebisha kwa skrubu za miguu. Halafu arudie kupima baada ya muda, hasa kama sakafu ina zulia, kwa sababu chombo kinapita kilo 100 na miguu inaendelea kuzama taratibu.

Kuna jambo moja hapa ambalo wageni wengi hulifanya kinyume. Wakiona mchezo una kasi, wanashusha miguu ya nyuma ili mwinamo upungue, wakidhani wameurahisisha. Kweli gololi inapungua kasi, lakini inaanza kuelea. Inapoteza muda mwingi ikiyumba kushoto na kulia huko juu ya flipa, na kila inapoyumba inachungulia mifereji ya pembeni. Mwinamo mkali kidogo unaifanya ishuke kwa njia iliyonyooka, na gololi iliyonyooka unaweza kuisoma. Mimi nimeiweka yangu juu kidogo ya kiwango cha kiwandani na sirudi nyuma.

Mlangoni mwa kila mfereji wa nje pana kijiti chenye raba, na chini yake kwa kawaida kuna matundu mawili au matatu ya kukihamishia. Ukikisogeza tundu moja, mlango unabana au unapanuka kwa milimita chache tu, na mashine inabadilika tabia nzima. Kwa wageni nyumbani acha mlango ubane. Ukishazoea, rudisha katikati. Menyu ya ndani nayo ina kipengele cha kuongeza sekunde za kurudishiwa gololi iliyopotea mwanzoni, na hicho kiongeze bila aibu watoto wanapocheza.

Baada ya hapo jifunze kuisukuma. Nashangaa watu wanacheza wamesimama wima kama wanakunywa chai, mikono inagusa vitufe tu. Gololi ikigonga ncha ya kile kijiti na kubaki inacheza juu yake, haijaamua iingie nje au ndani, kuna nusu sekunde ambayo ni yako. Unalisukuma sanduku mbele kwa viganja, kidogo, ghafla, kijiti chenyewe kinaipiga gololi na kuirudisha uwanjani. Ukizidisha, tilti. Ndani ya sanduku kuna kijiti cha chuma kinachoning'inia katikati ya pete, vikigusana flipa zinakufa na gololi inashuka unaiangalia. Ni ubunifu wa Harry Williams, mbunifu wa mashine hizi, wa miaka ya 1930, na mpaka leo sijaona kitu kilichoupita. Kizito cha kwenye hicho kijiti cha chuma kinapandishwa na kushushwa. Kama kimekaa kwa ukali mno utaogopa hata kugusa, kama kimelegezwa mno utakuwa unabeba mashine badala ya kucheza.

Nirudi kwenye mashine yangu, maana uliomba maoni ya mtu anayeishi nayo.

Kilichonishika si skrini wala taa. Ni rampu ya kushoto, ile njia ya mwinuko inayoipandisha gololi juu ya uwanja. Gololi inarudi kwa reli ya waya, unaisikia ikikwaruza juu yako, inashukia kwenye flipa ya kulia. Unashikilia flipa juu, inatulia pale kwenye kona, gramu 80 hivi za chuma, kipenyo milimita 27, haitikisiki. Unaachia. Inaanza kuteremka kuelekea ncha, na ndani ya huo mteremko mfupi kuna sehemu moja tu sahihi. Ukiwahi, unapiga nguzo ya upande mmoja, ukichelewa unapiga ya pili, na zote mbili zinakurudishia gololi kwa hasira katikati. Ukiipata, husikii mgongano wowote. Gololi inapanda bila kugusa ukuta, inazunguka kule nyuma, inarudi kwenye flipa ileile na mzunguko unaanza upya. Nimeshacheza jioni nzima nikifuata rampu hiyo peke yake, bila hata kutazama pointi.

Kwa hiyo ukienda kujaribu mashine, usiulize ina nini. Funga macho kwa vioja vyake, tafuta shuti moja ambalo ungependa kulipiga hata kama halina pointi. Likikosekana, usinunue, hata watu wakiisifu vipi.

Sasa kanuni. Ni kweli zimekuwa nyingi kupita kiasi. Angalia The Addams Family ya 1992, aliyoibuni Pat Lawlor, mashine iliyouzwa zaidi ya 20,000. Mgeni unamweleza kwa sentensi moja: piga rampu na vilengwa vinavyowaka, piga kiti cha umeme uingie vyumba vya jumba, ukimaliza vyumba vyote kuna zawadi kubwa. Imekwisha. Mashine yangu mpya ukiuliza inachezwaje, unaletewa maelezo yenye misheni ndani ya misheni, vizidishi vya pointi vinavyozidisha vizidishi, na hatua ya mwisho ambayo sisi wa jioni jioni huenda tusiione milele.

Je, inanisumbua? Kwa kweli hapana, kwa sababu programu nzuri haikulazimishi uijue. Taa inawaka, unapiga taa, kitu kinatokea. Ya kwangu ina mlango mmoja rahisi wa kufikia gololi tatu kwa pamoja, na hata mgeni aliyeshika vitufe kwa mara ya kwanza anaufikia bila kujua amefanya nini, anapiga kelele, basi ameshanaswa. Kinachoniudhi ni sauti. Mashine inaongea mno. Kila kilengwa kina maneno yake, na baada ya muda unayajua yote, unayasubiri, halafu unayachukia. Nimepunguza maongezi kwenye menyu nikaacha muziki na milio, na mchezo ukawa mtamu zaidi.

Ujue pia kwamba programu ya siku unayonunua mara nyingi si ya mwisho. Siku hizi ni kawaida kampuni kuiingiza mashine sokoni misheni nyingine zikiwa bado, halafu inasasisha kwa intaneti au kwa flashi kwa miezi mingi. Wengine wanakasirika, na wana haki, maana umelipa kitu kizima. Mimi upande wa kanuni sijali sana, kwani rampu haisasishwi. Mahali zilipowekwa shuti, upana wa milango, namna gololi inavyorudi kwenye flipa, hayo ndiyo utakayoishi nayo, na hakuna flashi itakayoyabadilisha.

Kuhusu toleo. Kampuni ya Stern wa huko eneo la Chicago, ambao ndio wakubwa kuliko wote kwa sasa, kwa kawaida hutoa mchezo mmoja kwa ngazi tatu, kutoka chini kwenda juu: Pro, Premium na Limited Edition, na makampuni mengine yana ngazi zao. Kati ya hizo mbili za juu, mara nyingi uchezaji ni uleule, tofauti iko kwenye mapambo na idadi iliyotengenezwa. Swali la kweli liko kati ya ngazi ya chini na ya katikati, ambako vifaa vya uwanjani vinaongezeka. Kipimo changu ni hiki: kifaa cha ziada kinabadilisha njia ya gololi, au ni cha kutazama tu? Sumaku inayodaka gololi na kuitupa upande usioutarajia, rampu inayonyanyuka na kufungua njia chini yake, hivyo nitalipia. Sanamu inayotikisa kichwa nikipata jakpoti, hapana. Na kumbuka kila kinachosogea ni kitu kitakachoharibika siku moja, na fundi wa nyumbani ni wewe.

Utunzaji wenyewe si mkubwa. Skrubu za mashine mpya hulegea, kwa hiyo baada ya siku chache za kucheza inua uwanja, pitia zote kwa mkono bila kukaza kupita kiasi, na tafuta ndani ya sanduku kama kuna iliyodondoka. Usishtuke ukiona vishimo vidogo kwenye uwanja kila pale gololi inapotua. Ni mbao iliyopakwa vanishi ngumu, inapigwa na chuma, itabonyea tu, na kadiri unavyocheza vishimo vinasambaa na kuacha kuonekana. Kinachoua uwanja ni gololi zilizochakaa zenye mikwaruzo pamoja na vumbi jeusi, kwa sababu vikikutana vinasugua kama msasa. Badilisha gololi mapema, ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote humo ndani, futa, paka nta safi.

Jambo ambalo hukuuliza, na ndilo litakaloleta maneno nyumbani, ni kelele. Ukizima spika kabisa bado flipa, bampa na gololi zinagonga mbao, na mtetemo unapita miguuni hadi sakafuni. Kama kuna watu wanalala chini yako, weka vitako vya raba nene chini ya kila mguu na usitegemee miujiza. Na kabla hujalipa, pima milango na ngazi. Miguu inafunguliwa, kichwa (lile boksi la wima la nyuma) kinalazwa juu ya sanduku, lakini upana wa hicho kichwa ni sentimita 70 hivi, na huo haupunguziki.