Maswali yenu: kwa nini serikali huwavamia wachimbaji wa bitcoin uchumi unapoyumba

Kuna video inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza: askari wa Venezuela wanatoa mashine za kuchimba bitcoin kwenye ghala na kuzipakia garini. Tangu ianze kusambaa, maswali hayajakatika. Nimechagua machache, mengine nimeyaunganisha kwa sababu yanafanana.

Serikali ambayo fedha yake imeporomoka inahangaika vipi na vijana wenye kompyuta, badala ya kuhangaika na bei ya chakula? (Mwalimu wa sekondari, Igoma)

Bitcoin, Mwalimu, ni sarafu ya kidijitali isiyotolewa na benki kuu yoyote, na kuchimba ni kuwasha kompyuta maalumu zinazohakiki miamala yake ili zilipwe sarafu mpya. Kwa hiyo mashine hizo hugeuza umeme wa bei ya serikali kuwa sarafu inayoweza kuuzwa kwa fedha ya kigeni. Ukishaona hilo, mengine yote yanaeleweka.

Venezuela ilikuwa na umeme wa karibu bure kwa miaka mingi, ruzuku ikitoka kwenye mafuta. Bei ya mafuta ilipoanguka mwaka 2014, mapato yakakauka, serikali ikaendelea kuchapa noti, na fedha yao, bolívar, ikaporomoka. Benki Kuu yao wenyewe ilitangaza kwamba mfumuko wa bei wa mwaka 2018 ulizidi asilimia 130,000. Agosti mwaka huo walifuta sufuri tano kwenye fedha yao, na Oktoba 2021 wakafuta nyingine sita. Fikiria mshahara wako wa mwisho wa mwezi unanunua kilo tano za unga, na wiki mbili baadaye hununui hata mbili. Katika hali hiyo, fundi mwenye mashine moja chumbani alikuwa anapata kitu ambacho hata daktari wa hospitali kuu hakipati: fedha ambayo haiozi mfukoni. Wapo walionunua dawa na chakula kutoka nje kwa njia hiyo.

Serikali ikaona umeme wake unavuja, na ikaona raia wanaikimbia fedha yake. Kuanzia mwaka 2016 ikaanza kukamata. Hapakuwa na sheria iliyosema kuchimba ni kosa, kwa hiyo watu walishtakiwa kwa mengine: kuiba umeme, kumiliki bidhaa za magendo. Wachimbaji waliozungumza na waandishi wa habari walieleza jinsi askari walivyogonga milango yao wakidai chao ili wasiwapeleke kituoni.

Halafu ukaja mgeuko ambao mimi bado unaniuma. Februari 2018 serikali ile ile ikaanza kuuza sarafu yake ya kidijitali, Petro, ikaunda mamlaka ya kuisimamia na kuwasajili wachimbaji. Kilichompeleka mtu rumande jana kikawa na leseni. Machi 2023 mkuu wa mamlaka hiyo akakamatwa katika kashfa ya fedha za mafuta. Januari 2024 Petro ikafungwa. Mei 2024 mashine kama 2,000 zikakamatwa mjini Maracay, na serikali ikatangaza kuwaondoa wachimbaji wote kwenye gridi ya taifa. Kwa hiyo aliyefuata sheria na kujisajili alipoteza mtaji sawasawa na aliyejificha. Hilo ndilo baya kuliko marufuku yenyewe, kwa sababu linawafundisha watu kwamba kujitokeza kwa serikali hakuna faida.

Shikamoo. Jamaa ananiuzia mashine iliyotumika, aina ya S19. Naweza kuiwasha geto nikalipia ada? (Mwanafunzi, Malimbe)

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujatoa hela, chukua kalamu tupige hesabu.

Mashine hiyo hula takribani wati 3,250, usiku na mchana, haipumziki. Kwa saa 24 ni uniti 78. Sasa angalia mita ya LUKU. Mteja mdogo wa nyumbani, yule anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, anatakiwa asizidi uniti 75 kwa mwezi mzima. Mashine yako moja inazidi mwezi wake kwa siku moja. Ukihamia daraja la kawaida, uniti ni shilingi 292, na ukiweka kodi na tozo inafika kama 356. Zidisha mara 78: zaidi ya shilingi 27,000 kwa siku, zaidi ya 800,000 kwa mwezi, kabla hujanunua chakula.

Unachopata upande wa pili kinapungua kwa makusudi. Bitcoin imewekewa ukomo wa sarafu milioni 21, na malipo ya mchimbaji hukatwa nusu kila baada ya miaka kama minne. Aprili 2024 yalishuka kutoka bitcoin 6.25 hadi 3.125 kwa kila fungu la miamala, na fungu jipya hupatikana kila dakika kumi hivi duniani kote. Mwenye mashine moja hawezi kulipata peke yake. Anajiunga na kundi la maelfu, wanagawana kulingana na nguvu ya mashine ya kila mmoja, na mgao wako utakuwa mdogo mno ukilinganisha na bili hiyo ya LUKU.

Halafu kuna waya. Wati 3,250 kwenye umeme wa volti 230 ni zaidi ya ampea 14 mfululizo, na soketi ya ukutani kwako imetengenezwa kwa ampea 13. Niliwahi kusimama mlangoni mwa chumba kimoja Nyakato ambako mashine kama hiyo ilikuwa inafanya kazi. Feni zake zinapiga kelele kama mashine ya kusaga, ikabidi tuongee kwa ishara, na ukuta wa nyuma ulikuwa wa moto kuugusa. Plagi ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya kahawia kwenye kingo. Mlango wa pili alilala mama na mtoto mchanga. Nyumba nyingi za kupanga huku kwetu zinachangia mita moja, kwa hiyo hata umeme ukilipwa, anayelipa ni pamoja na majirani zako.

Usiinunue.

Wakati wa mgao barafu iliyeyuka, sangara wangu wakaharibika, nikauza kwa bei ya kutupa. Kama kuna watu wanamaliza umeme kwa mchezo huo, wakamatwe wote. (Mfanyabiashara, Mwaloni Kirumba)

Hasira yako naielewa, mama yangu, pole sana kwa hasara. Kreti la sangara lisilo na barafu halisubiri kikao. Ila tuweke lawama pale zinapostahili. Mgao uliotutesa kuanzia 2022 hadi mwanzoni mwa 2024 ulitokana na maji kupungua kwenye mabwawa, mitambo iliyohitaji matengenezo, na mahitaji kuzidi uzalishaji. Ulianza kupungua makali baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuwashwa Februari 2024. Bwawa lote limejengwa kwa megawati 2,115. Wachimbaji wa bitcoin hawakuwa chanzo.

Nchi iliyofika hapo unaposema ni Iran. Mwaka 2021 ukame ulipunguza umeme wa maji, joto likapanda, miji ikawa gizani. Mwezi Mei Rais Hassan Rouhani alipiga marufuku uchimbaji wote mpaka 22 Septemba, na yeye mwenyewe alisema asilimia 85 hivi ya uchimbaji nchini ulikuwa hauna leseni. Wengine walikuwa wamejificha kwenye mashamba na viwanda vilivyopewa umeme wa ruzuku. Mwaka 2019 zilisambaa picha za mashine ndani ya msikiti, maana misikiti hupata umeme bure. Wakaguzi waliwafuata kwa kuangalia matumizi: jengo linalokula umeme kiwango kile kile saa nane mchana na saa nane usiku lazima lina jambo.

Kosovo nao, Januari 2022, wakiwa kwenye uhaba mkubwa wa umeme wakati wa baridi, walipiga marufuku na polisi wakaanza kubeba mashine.

Msimamo wangu ni huu, na nausema wazi: umeme usipotosha, mchimbaji azimwe kwanza, kabla ya hospitali, kabla ya pampu ya maji, kabla ya mtambo wako wa barafu. Sina shaka na hilo hata kidogo. Lakini kuzima ni jambo moja, na kumfunga mtu au kuchukua mali yake bila sheria iliyoandikwa ni jambo jingine. Na ukiwafukuza tu, wanahama. China ilipowapiga marufuku mwaka 2021, mashine nyingi ziliingia Kazakhstan. Kufikia Agosti mwaka huo asilimia 18 hivi ya nguvu yote ya uchimbaji wa bitcoin duniani ilikuwa huko, na baada ya miezi michache Kazakhstan nayo ikawa inakatiwa umeme. Anayeumia mwisho ni mtu kama wewe wa nchi nyingine, ambaye hajui hata mashine hizo zilitoka wapi.

Dawa ya kudumu ni bei. Umeme ukiuzwa karibu bure kwa kila mtu, anayefaidi zaidi ni mwenye mashine kubwa zaidi. Ruzuku ikielekezwa kwa kaya ndogo na ikaishia kwenye kiwango fulani, kama hizo uniti 75, uchimbaji wa kujificha unakosa faida wenyewe, bila askari kuvunja mlango wa mtu.

Kwa hapa kwetu sheria inasemaje? (Wengi)

Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi hazitambuliki na kwamba fedha halali ni shilingi ya Tanzania. Tarehe 13 Juni 2021, akiwa hapa hapa Mwanza kuzindua jengo la tawi la Benki Kuu, Rais Samia aliitaka benki hiyo ijiandae kwa teknolojia hii badala ya kushtukizwa nayo. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kwa hiyo kodi ipo, lakini ulinzi wa mwenye mali haujawekwa wazi. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu ndiyo iliyowaumiza wa Venezuela.

Na kwa waliouliza kama shilingi yetu itafika kule kwa bolívar: mfumuko wetu wa bei umekuwa ukikaa karibu na asilimia 3. Tulipata shida ya dola mwaka 2023, waagizaji bidhaa wanaikumbuka vizuri, lakini umbali wa kutoka asilimia 3 hadi 130,000 ni mkubwa mno. Asikutishe mtu ili akuuzie kitu.

Kwa nini serikali isichimbe yenyewe ikapata dola? (Fundi umeme, Geita)

Ethiopia wamejaribu njia inayokaribia hiyo. Shirika lao la umeme liliwauzia wachimbaji wa nje umeme wa maji na kulipwa kwa dola, wakati fedha yao, birr, ilikuwa imebanwa. Iran nao mwaka 2020 waliwataka wachimbaji wenye leseni wauze walichopata kwa benki kuu ili kigharimie bidhaa za kuagiza nje. Inaingiza fedha, sikatai. Ila megawati zinazouzwa hivyo hazifiki kijijini kusiko na nguzo, na nchi yenye vijiji vya aina hiyo inapaswa kuanza navyo. Kama kuna umeme wa ziada usiku wa manane ambao hakuna anayeununua, hapo tunaweza kuzungumza.

Kikundi chetu cha vikoba tumeingizwa kwenye programu ya simu: unalipia "mashine", inachimba huko nje, unatoa faida kila siku. Wiki hii haitoi tena, wanasema serikali imevamia mitambo yao, tulipe kwanza ada ya kuifungua akaunti. (Mwekahazina, Buswelu)

Dada, msilipe hiyo ada. Mashine haikuwepo. Faida mliyokuwa mnatoa mwanzoni ilikuwa fedha ya walioingia baada yenu, na habari za uvamizi wa kweli kwenye nchi nyingine wamezichukua kuwa kisingizio. Mchimbaji aliyevamiwa kweli hadai wateja wake ada ya kufungua akaunti.

Fanyeni haya leo. Pigeni picha za skrini za salio, namba mlizotumia fedha na mazungumzo yote ya grupu kabla hayajafutwa. Wapigieni kampuni ya simu mlikotuma fedha kuuliza kama kuna salio linaloweza kuzuiliwa. Muamala wa jana una nafasi kuliko wa mwezi uliopita. Namba zinazowatumia ujumbe wa kudai ada zitumeni 15040, ni namba ya TCRA ya kupokea taarifa za matapeli. Kisha mwende polisi mkiwa kikundi, na daftari la michango mkononi, mkaandikishe kila mwanachama na kiasi chake. Na yule mwenzenu aliyewaingiza msimfukuze kikundini kabla hamjamsikiliza. Mara nyingi naye ameweka ada za shule za watoto wake humo humo, na yeye ndiye anayejua namba ya mtu aliyemuunganisha.